Kitasa cha mlango wa kuslaidi na vumbi la Dodoma

Pita Ilazo, Kisasa, Iyumbu au Nzuguni, uhesabu nyumba mpya zenye mlango mpana wa kioo na aluminiamu unaofunguka kwa kuteleza pembeni. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejengwa haraka, na mlango wa kuslaidi umekuja pamoja na ujenzi huo. Unapendeza, hauli nafasi, unaingiza mwanga. Halafu angalia kitu kingine kwenye nyumba hizohizo: mbele au nyuma ya kioo kuna grili ya chuma, na kwenye grili kuna kufuli. Yaani mwenye nyumba amelipia kitasa, kisha hakukiamini.

Je, ana haki ya kutokiamini? Naona anayo. Ila sababu siyo ile inayotajwa sana, kwamba "vitasa vya siku hizi ni feki". Vingine ni feki kweli, lakini hata kile kizuri kina kasoro, na kasoro hiyo iko kwenye ubunifu wake.

Tuanze na kazi yenyewe. Mlango wa bawaba unazunguka, na ulimi wa kitasa chake unatoka pembeni na kuingia kwenye tundu la fremu. Ukiusukuma mlango, unaugandamiza ulimi ubavuni, na kuuvunja ubavuni ni kazi. Sasa chukua kitasa hichohicho ukiweke kwenye mlango wa kuslaidi. Ulimi unatoka kuelekea kulekule mlango unakokwenda. Mtu akiuvuta mlango, ulimi unachomoka kama kisu kinavyotoka kwenye ala. Hujafunga kitu.

Ndiyo maana mlango wa kuslaidi unatumia ndoano. Ukizungusha ufunguo, kipande cha chuma kilichopinda kinatoka ndani ya mlango, kinapita kwenye tundu la bamba lililofungwa kwenye fremu, kisha kinashika ukingo wa bamba kwa nyuma. Ukiuvuta mlango sasa, ndoano inazidi kukaza. Wazo hili ni zuri, sina ugomvi nalo.

Sina ugomvi pia na sehemu ya ufunguo. Hiyo ni silinda ya vipini na springi, ukoo uleule ambao Linus Yale Mdogo aliupatia hataza Marekani mwaka 1861, naye alikuwa anaboresha kanuni ambayo Wamisri wa kale walishaitumia kwenye makomeo ya mbao. Wala nisikilaumu kitasa kwa wembamba wake. Nguzo ya pembeni ya mlango wa aluminiamu ni bomba jembamba lenye uwazi ndani. Huwezi kuingiza humo kitasa kinene kama cha mlango wa mninga.

Shida iko kwenye dhana moja ambayo aliyebuni kitasa hiki hakuiandika popote: kwamba kila siku mlango utarudi palepale ulipokuwa siku fundi alipoufunga. Ndoano inataka kukutana na tundu lake, na nafasi ya kukosea ni milimita chache tu. Lakini mlango wa kuslaidi haujashikwa na bawaba. Umekaa juu ya magurudumu mawili madogo, rola, mara nyingi ya nailoni, ndani ya njia iliyo sakafuni. Na sakafuni Dodoma kuna nini? Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo wa kusini mashariki unapiga, na vumbi jekundu linaingia kila penye upenyo. Ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga wa kwatzi, wenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Aluminiamu haifiki hata 3. Kila unapofungua mlango unasaga reli yako kwa msasa, na nailoni nayo inameza chembe hizo na kuzibeba.

Tufanye hesabu, ni ya kidato cha pili. Mlango wa mita 1 kwa 2.1, kioo cha milimita 5. Kioo cha unene huo kina kilo 12.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo pamoja na aluminiamu yake mlango una kama kilo 30, zote juu ya rola mbili zilizoachana sentimita 90. Tuseme rola ya upande wa kitasa imelika milimita 3. Ukingo wa kitasa unashuka milimita 3. Hilo moja. La pili watu wengi hawalioni: mlango mzima umeinamia mbele. Kule juu kabisa umesogea 3 × 2.1 ÷ 0.9, yaani milimita 7. Ukiufunga, kichwa kinagusa fremu kwanza na chini linabaki pengo. Usawa wa kitasa, mita 1 kutoka sakafuni, pengo ni karibu milimita 4. Rola moja imelika milimita 3 tu, na ndoano sasa inatakiwa ifike tundu lililo juu zaidi na lililo mbali zaidi kwa wakati mmoja. Haifiki. Hapo ndipo unapomwona mtu ameshika mpini kwa mkono mmoja, anaunyanyua mlango kwa goti, huku mkono wa pili unazungusha ufunguo.

Wapo mafundi watakaokuambia ni joto, aluminiamu imetanuka. Ni kweli inatanuka, mara mbili hivi ya zege. Mlango wa mita 2.1 ukipata joto la nyuzi 30 zaidi unarefuka kama milimita 1.4. Lakini fremu nayo ni aluminiamu! Inarefuka pamoja na mlango, na tofauti inayobaki ni ndogo. Joto linasingiziwa. Mkosaji mkubwa yuko chini, kwenye mchanga.

Kuna uamuzi mwingine wa ubunifu ambao muuzaji hatakueleza, nao ni ndoano iangalie wapi. Mlango wa aina hii unafungwa kwa kuunyanyua: kichwa kinaingizwa kwenye mfereji wa juu, kisha mlango unashushwa juu ya reli. Kwa hiyo lazima juu kubaki nafasi. Nafasi iliyompa fundi urahisi inampa mwizi urahisi uleule. Ndoano ikiangalia chini, mtu aliye nje akiunyanyua mlango kwa mtaimbo, ncha inapanda juu ya ukingo wa bamba na kitasa kinaachia bila kuvunjika. Ikiangalia juu, kuunyanyua mlango kunazidi kukaza. Safi? Siyo kabisa. Mlango ukishuka kwa sababu ya rola iliyolika, ndoano inayoangalia juu ndiyo inayopoteza mshiko, wakati ile ya chini ingezidi kushika. Ndoano moja inakulazimisha uchague kati ya mwizi na vumbi. Vipo vitasa vyenye ndoano mbili, moja inaangalia juu na nyingine chini, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitasa pekee cha mlango wa kuslaidi kinachostahili kuitwa kitasa. Kwa nyumba nyingi zinazojengwa hapa, kinachowekwa ni cha ndoano moja.

Halafu kuna kubamiza. Kilo 30 zikitembea mita 1 kwa sekunde zina nishati ya juli 15. Kidogo, eti? Lakini zikisimamishwa ndani ya milimita 5, nguvu ya wastani ni nyutoni 3,000, karibu sawa na uzito wa kilo 300. Ikitokea ndoano imeachwa nje, mtoto akauvuta mlango kwa nguvu, kinachopokea kipigo hicho ni kile kipande cha zinki chenye unene wa kidole cha mtoto huyohuyo. Dawa yake ipo na ni rahisi: kijipini kinachochungulia ukingoni mwa mlango, ambacho kisipogandamizwa na fremu hakiruhusu ndoano itoke. Ukiwa dukani, jaribu kuitoa ndoano mlango ukiwa wazi. Ikitoka kirahisi, kijipini hakipo.

Utasema nadai mambo ya Ulaya. Basi nenda stendi ya daladala uangalie Hiace. Ule nao ni mlango wa kuslaidi. Unabamizwa na konda kutwa nzima, unapita kwenye vumbi la Nkuhungu na Chang'ombe, gari lenyewe lina miaka mingi kuliko baadhi ya abiria, na bado unafunga. Kwa nini? Kwanza haukukaa kwenye reli moja ya sakafuni. Umeshikwa na mikono ya rola kwenye reli tatu: juu, katikati ubavuni, na chini. Pili, kitasa chake kina uma unaozunguka na kukumbatia pini iliyo kwenye bodi. Mdomo wa uma ni mpana. Pini ikiingia imepotoka kidogo, uma unaivuta hadi mahali pake. Na kubamiza hakukivunji, kwa sababu kubamiza ndiko kunakouzungusha uma. Mhandisi wa gari alijua mlango utafika umepinda na umebamizwa, akabuni kitasa kinachoutafuta mlango. Kitasa cha sebuleni kinasubiri mlango ukitafute.

Hata wachomeleaji wetu wa mageti wamelielewa hili kwa njia yao. Geti la kuvuta linatembea juu ya chuma cha pembe kilichopinduliwa, mgongo juu, na gurudumu lina mfereji. Vumbi likianguka juu ya mgongo linateleza na kuondoka. Njia ya chini ya mlango wa aluminiamu ina reli iliyochomoza pia, lakini kando yake kuna mifereji, na mifereji hiyo ikishajaa, reli inazama kwenye mchanga.

Haya yangekuwa malalamiko ya kawaida ya mwenye nyumba kama yangeishia kwenye mlango mgumu. Hayaishii hapo. Kitasa kikianza kusumbua, watu hawamwiti fundi wa rola. Wanaongeza grili, na kwenye grili wanatia kufuli, na ufunguo wa kufuli usiku unalala chumbani kwa baba au kwenye mkoba wa mama. Sasa fikiria moto saa nane za usiku, umeme umekatika, moshi umejaa. Ule mlango mpana kuliko yote ndani ya nyumba, ambao ungetoa familia nzima kwa sekunde kumi, umegeuka ukuta.

Tunajua kufuli na nondo hufanya nini kwenye moto. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa bweni lilipochomwa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Hapakuwa na mlango wa kuslaidi pale. Naitaja kwa sababu kanuni ni moja, na nyumba zetu za kupanga zinaivunja kila usiku. Kitu chochote kinachomzuia mtu wa nje kuingia lazima mtu wa ndani aweze kukifungua gizani, kwa mkono mmoja, bila kutafuta ufunguo. Kwa kipimo hicho, silinda inayotaka ufunguo pande zote mbili ni mbaya, hata kama muuzaji anaisifia kuwa na usalama mara mbili. Chukua yenye kipini cha kuzungusha kwa ndani. Hoja kwamba mwizi atavunja kioo na kuingiza mkono ina uzito, sikatai, lakini nikipewa kupima TV na watoto, najua mizani itaelemea wapi. Namba ya Zimamoto ni 114, na wakati unaipiga inabidi uwe tayari nje.

Kuna kitu cha bei ya bure kinachonifurahisha kuliko vitasa vingi: kipande cha mti wa fagio kilichokatwa sawasawa, kikalazwa kwenye njia ya chini nyuma ya mlango. Ni komeo la mababu lililolazwa sakafuni. Mlango hauwezi kuteleza, na kukiondoa hakuhitaji ufunguo. Kasoro yake: hakizuii mlango kunyanyuliwa. Kwa hilo mwambie fundi afunge kipande cha plastiki au skrubu ndani ya mfereji wa juu baada ya mlango kukaa, ili nafasi ile ya kunyanyulia izibwe. Ni kazi ya dakika tano, na wengi hawaifanyi kwa sababu hawajaulizwa.

Na kabla hujabadilisha kitasa, chunguza chini kwenye ukingo wa mlango, karibu na sakafu. Milango mingi ina tundu dogo pale, wakati mwingine limezibwa na kifuniko cha plastiki. Ndani yake kuna skrubu ya kupandisha rola. Safisha mfereji kwa brashi kavu kwanza, ingiza bisibisi, zungusha nusu mzunguko, kisha sogeza mlango hadi ubaki upenyo mwembamba kati yake na fremu. Upenyo ukiwa sawa kutoka juu hadi chini, jaribu ufunguo. Ukiwa bado umebana juu, ongeza nusu nyingine. Usimwage oili chafu ya gari kwenye reli kama wafanyavyo wengi, maana oili inashika vumbi na kutengeneza uji wa kusagia. Kwenye tundu la ufunguo tumia unga wa penseli. Grafiti inateleza ikiwa kavu na haiiti vumbi.