Hongera kwa watu wa ligi ya mkoa

Mechi za mwanzo za ligi ya mkoa hazina kamera. Zina waamuzi wanaoagana na wake zao alfajiri, na viongozi wa timu wanaochangishana nauli ya Hiace kutoka Handeni kwenda Korogwe, mkoani Tanga, kilomita kama 65. Hawa ndio wa kupongezwa kwanza.

Saa tisa alasiri mistari bado inachorwa kwa chokaa, kopo limetobolewa tundu chini, mchoraji anarudi kinyumenyume huku akiwafukuza mbuzi. Mechi inaanza saa kumi. Jezi namba 9 imevaliwa na wawili. Mwamuzi anatumia busara, mmoja anabandikiwa plasta kubadili namba. (Kanuni zinakataza, lakini kanuni hazikulipia jezi.)

Anayedharau ngazi hii aulize Kabuku, Handeni. Timu ya Mgambo JKT ilitoka huko ikapanda Ligi Kuu mwaka 2012, ikawa inapokea Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Mkwakwani. Mwaka 2016 ilishuka pamoja na Coastal Union na African Sports, nazo za Tanga, mkoa ukabaki bila timu Ligi Kuu.

Huku chini ligi iliendelea. Chokaa ilinunuliwa kwa mchango.