Kitufe Kimoja cha Fumito Ueda

Watu wa fasihi tukianza kuzungumzia gemu, swali letu la kwanza huwa: hadithi yake inafikia riwaya? Kwa kipimo hicho Fumito Ueda anafeli asubuhi na mapema. Ameongoza gemu kubwa tatu tu: Ico (2001), Shadow of the Colossus (2005) na The Last Guardian (2016). Mvulana mwenye pembe anamtoa msichana ndani ya ngome. Kijana anaua majitu 16 ili msichana aliyekufa afufuke. Mtoto na dubwana lenye manyoya wanatafuta njia ya kutoka kwenye magofu. Basi, nimeshakusimulia zote.

Hata hivyo namweka Ueda pamoja na wasimulizi ninaowaheshimu, na sababu yangu iko kwenye R1, kitufe kile cha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nitagusa miisho ya hadithi, kwa hiyo kama hujacheza, shauri yako.

Tukumbuke kwanza kwamba Ueda alisomea sanaa, katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, akahitimu mwaka 1993. Picha ya jalada la Ico la Japani aliichora mwenyewe, akifuata nyayo za mchoraji Giorgio de Chirico: majengo makubwa, vivuli virefu, na watoto wawili wadogo wakikimbia wameshikana mikono. Njia yake ya kazi ni kupunguza. Anaondoa maneno, anaondoa maadui, mpaka kinachobaki kibebe uzito wote.

Kwenye Ico kilichobaki ni mkono. Ukibonyeza R1, mvulana anamwita Yorda. Akiwa karibu, anamshika. Wao wenyewe hawaelewani lugha, na mara ya kwanza unapocheza, maneno ya Yorda yanaandikwa kwa alama usizoweza kuzisoma. Ukimwachia ukaenda mbali, viumbe vya kivuli vinakuja kumburuta kwenye shimo lao. Hata kuhifadhi ulipofikia, ni lazima wote wawili mkae kwenye kochi la jiwe. Hakuna anayekwambia kwamba unampenda. Kidole chako kinachoka kwa ajili yake, na inatosha.

Miaka minne baadaye, Ueda akachukua kitufe kilekile akakigeuza. Kwenye Shadow of the Colossus, R1 ni kung'ang'ania manyoya ya jitu huku nguvu za mikono zikipungua, mpaka ufike pa kuchoma upanga. Baadhi ya majitu haya yalikuwa yamejikalia zao. Moja linapoanguka, muziki unaoingia ni wa huzuni, kama uko msibani, na nyuzi nyeusi zinamwingia muuaji mwilini. Sasa ule mshiko uliokuwa mapenzi ndio unaoua, na bado unafanyika kwa ajili ya mapenzi! Mwishoni kabisa upepo unamvuta Wander kuelekea kwenye dimbwi, na mchezaji bado anaachiwa padi. Unaweza kushikilia ngazi, nguzo, chochote. Haisaidii, ila karibu kila mtu anajaribu. Riwaya ingenieleza kwamba mtu huyu hawezi kuachia. Hapa mimi ndiye niliyeshindwa kuachia.

The Last Guardian ilichelewa sana. Kazi ilianza 2007, ikatangazwa 2009, Ueda akaondoka Sony 2011 lakini akaendelea nayo kwa mkataba, ikatoka 2016. Safari hii mtoto anashika manyoya ya Trico mwenyewe, bila kuombwa. R1 imebaki kuwa sauti tu: unaita, unaelekeza, kisha unangoja. Trico anakutazama. Anajikuna. Pengine anakuja. Wengi waliliona hilo kuwa ubovu, na kusema kweli kamera ya gemu hii inakera, hasa kwenye vyumba vyembamba. Ila kuhusu Trico siungani nao. Mnyama anayetii papo hapo ni gari. Kungoja ndiko kunakomfanya awe hai.

Nina neno moja gumu kwa Ueda. Katika gemu mbili za mwanzo, mwanamke ni wa kushikwa. Yorda anavutwa huku na huku, wakati mwingine kwa nguvu mpaka unaona aibu, na Mono amelazwa juu ya jiwe karibu hadithi nzima. Najua utetezi: kwenye daraja, Yorda ndiye anayemdaka mvulana, na baadaye ndiye anayembeba hadi kwenye mashua. Mandhari hizo ni nzuri mno. Lakini Yorda anapata mkono wake mwenyewe hadithi ikiwa imeshaanza kufungwa, na mtu aliyejua kumpa mnyama hiari ya kukataa angeweza kumpa na msichana.

Gemu tatu katika miaka 15, na zote zinauliza jambo moja: nikikushika, nakusaidia au nakumiliki? Ico inajibu kwa imani, Shadow kwa hofu, na The Last Guardian kwa subira. Zichezeni kwa mpangilio huo. Mkianza na Shadow peke yake, kama wengi wafanyavyo, mtamjua Ueda wa majitu na kumkosa Ueda wa mkono.