Fundi Anayeusubiri Mlima

Lori likiwa tupu, turbo yenye hitilafu huweza kutulia kama nzima. Lizungushe mjini Singida, likanyagie mafuta gerejini, geji haitaonyesha kitu. Lifungie tela lenye mzigo wake kamili, liingize Mlima Sekenke likitokea Shelui, ndipo hitilafu itakapojitokeza: presha ya turbo inapita kiasi, taa inawaka kwenye dashibodi, kompyuta inapunguza mafuta ili kuiokoa injini, na lori linaanza kutambaa konani huku foleni ikirefuka nyuma yake. Kwa sababu ya ugonjwa huu unaojificha, nawaheshimu sana mafundi wa dizeli wa barabara hii ya kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mzigo ukiwa mzito, mafuta yanayochomwa ni mengi, moshi ni mwingi na wa moto zaidi, na turbo huongeza kasi. Anayeizuia isipitilize ni wesgeti, kimlango kinachopitisha moshi pembeni. Katika malori mengi ya zamani, kimlango hicho hufunguliwa na presha ya turbo yenyewe, ikipitia kwenye kimpira chembamba. Kimpira kikipasuka, mlango haupati habari, nayo turbo inaendelea kusukuma hewa. Turbo za kisasa zenye mapanga yanayojigeuza zina balaa lao: masizi huyagandisha yakiwa yamejibana.

Fundi ninayemsifu haanzi kwa kufungua turbo. Anaanza na dereva. Ilikata nguvu ukiwa gia gani, kaka? Ulipoachia mafuta, ilirudi? Ulikuwa na mzigo gani? Kisha anawasha swichi bila kuwasha injini na kusoma sensa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya presha inapaswa kusoma karibu kilopaskali 85. Ikisoma 100, inasoma hewa ya Dar es Salaam huku lori limesimama Singida. Sensa hiyo inadanganya, na turbo inayolaumiwa huenda haina kosa lolote. Kipimo hicho hakihitaji hata spana moja, ila kinamhitaji mtu anayejua amesimama wapi duniani.

Sensa ikiwa salama, anafuata kimpira kwa vidole, upande wa chini usioonekana, kwa kuwa huko ndiko joto hukipasua. Anapeleka hewa kwenye wesgeti kwa pampu ya mkono na kutazama fimbo yake: inasogea? Inashikilia, au inarudi polepole? Baada ya matengenezo hakabidhi ufunguo. Anapanda kiti cha utingo, geji mkononi, na lori linarudi mlimani likiwa na mzigo uleule.

Wapo wanaoichezea sensa ili taa izimike na mzigo ufike. Dereva anayepigiwa simu kila saa namwelewa, lakini fundi anayekubali simwelewi. Presha ile bado imo ndani, inaisukuma gasketi ya silinda hedi na kuichosha shafti ya turbo, na sasa hakuna wa kuonya.

Malipo ndiyo yanayonisikitisha. Tajiri wa lori hulipa turbo mpya akinung'unika, ila analipa, maana anaiona. Akiambiwa tatizo lilikuwa kimpira cha urefu wa kiganja, anataka kulipia kimpira tu. Fundi aandike kwenye risiti, kwa herufi kubwa, kazi ya kutafuta: maswali, vipimo, na safari ya Sekenke kwenda na kurudi. Chini yake aandike bei ya turbo ambayo haikununuliwa, pamoja na siku ambazo mzigo haukulala Shelui.