Rangi Iliyorefusha Maisha ya Ioni

Ndani ya taa ndefu za tyubu zinazowaka madukani Kinondoni na Temeke mna ioni za zebaki, yaani atomi zilizopoteza elektroni na kubaki na chaji chanya, lakini maisha yake ni mafupi, kwa kuwa kila ioni inayogusa kioo hurudishiwa elektroni na kuwa atomi ya kawaida. Anayetaka kuichunguza ioni moja kwa utulivu hana budi kuiweka katika ombwe, mbali na ukuta wowote, na tangu kazi ya Wolfgang Paul huko Ujerumani katika miaka ya 1950, njia iliyozoeleka imekuwa kuizuia kwa uga wa umeme unaogeuka mamilioni ya mara kwa sekunde. Uga huo huishika vyema, ila huitikisa bila kukoma, na mtikisiko huo huzipasha joto atomi baridi zinazowekwa jirani nayo.

Mwaka 2010 kundi la mwanafizikia Tobias Schaetz lilifaulu kuishika ioni moja ya magnesiamu bila uga huo, kwa mwale wa leza, lakini kwa milisekunde chache tu. Mwale huivuta ioni penye mwangaza mkali zaidi iwapo rangi yake iko upande wa wekundu wa rangi ambayo ioni hufyonza. Hata hivyo, rangi hizo zikikaribiana, ioni hufyonza fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi, na kila fotoni huipiga teke.

Matokeo ya kundi hilo hilo huko Freiburg ya mwaka 2017, yaliyopatikana kwa ioni ya bariamu iliyokwisha kupozwa, yanaonyesha kwamba mateke hayakuwa adui pekee. Katika mwanga wa kijani wa nanomita 532, ioni iliyofyonza fotoni huweza kuangukia hali ya nishati inayodumu kwa sekunde nyingi, ambayo hufyonza wekundu wa nanomita 614 au 650, na kwa ioni iliyo katika hali hiyo kijani kile kile kilichokuwa kikiivuta huisukuma nje. Leza za kuirudisha katika hali ya awali zilirefusha maisha yake. Hatua ya pili, ambayo ndiyo ya werevu zaidi, ilikuwa kutumia mwanga usioonekana wa nanomita 1064, ambao uko upande wa wekundu wa rangi zote hizo na hivyo huivuta ioni katika hali zote mbili, huku ikifyonza fotoni kwa nadra mno. Mwanga ulio mbali hivyo hushika kwa ulegevu, kwa hiyo huhitaji leza yenye nguvu kubwa. Lakini ndani yake ioni ilidumu hadi sekunde 3 bila uga wowote wa kuitikisa.