Kilo za Wiki ya Kwanza

Pale Rwamgasa au Nyarugusu, mnunuzi wa dhahabu anayeijua kazi yake hapimi kidonge kabla hakijachomwa. Mchimbaji ameshaosha mchanga wake kwenye beseni, ameukoroga na zebaki, ameukamua ndani ya kitambaa mpaka kimebaki kijidonge cheupe kama bati. Ukikiweka kwenye mizani muda huo kina uzito wa kufurahisha. Kikipigwa moto, zebaki inapaa (na moshi wake ni sumu kali, wanaochomea karibu na jiko la nyumbani wanaangamiza watoto wao), kisha kinabaki kipande kidogo cha manjano. Hicho ndicho kinacholipiwa.

Nataka msomaji ashike picha hiyo kila anaposikia mtu amepunguza kilo tatu kwa wiki moja baada ya kuanza mlo wa paleo.

Mlo wenyewe unajaribu kuiga chakula cha wawindaji wa kale: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na mizizi, bila nafaka, mikunde, maziwa wala sukari. Wazo lilipata nguvu mwaka 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner walipoliandikia katika New England Journal of Medicine, na kitabu cha Loren Cordain cha mwaka 2002 kikalisambaza. Kwa mtu wa Shinyanga, vinavyokatazwa ni karibu meza nzima: ugali, wali, maharage, choroko, karanga, mtindi. Anayevitoa vyote kwa mkupuo anaukata wanga aliouzoea tangu utoto, na mizani inajibu ndani ya siku tatu.

Inajibu kwa sababu hii. Mwili huhifadhi wanga wa akiba, uitwao glaikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na kama gramu 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ugali ukikatika, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Nusu kilo ya glaikojeni na kilo moja na nusu ya maji: kilo mbili zimeondoka, na mafuta ya kitambi bado yako palepale. Insulini nayo ikishuka, figo humwaga chumvi zaidi, na chumvi huondoka na maji mengine. Siku atakayokula sahani mbili za wali kwenye harusi, kilo hizo zitaanza kurudi kabla hajazikosa. Wengi hukata tamaa siku hiyo, wakidhani kazi yao yote imeharibika, kumbe iliyorudi ni ile zebaki.

Mafuta yana hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama 360, kwa hiyo anayekula ugali wa gramu 300 za unga kwa siku anapata zaidi ya kalori 1,000 hapo tu. Tuseme ameuacha, akaweka sato wa kuchemsha, mlenda na kiazi kitamu kimoja, na mwisho wa siku amepungukiwa kalori 500. Kwa wiki ni 3,500, yaani chini kidogo ya nusu kilo ya mafuta. Hiyo ndiyo dhahabu yake, na ni kazi nzuri.

Vipimo vilivyofanywa Uswidi vinakubaliana na hesabu hii. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu 14 wenye afya waliofuata mlo huu kwa wiki tatu: kwa wastani walipungua kilo 2.3. Kumbuka hesabu ya maji, uone ni ngapi kati ya hizo zingeweza kuwa mafuta. Kule Umeå walifuatiliwa wanawake 70 wanene waliokwisha koma hedhi, kwa miaka miwili. Baada ya miezi sita waliokula kipaleo walikuwa wamepoteza kilo 6.5 za mafuta, na wenzao waliofuata mwongozo wa kawaida wa lishe wa nchi za kaskazini kilo 2.6. Miaka miwili ilipotimia, tofauti ilikuwa imesinyaa: 4.6 kwa 2.9. Mlo ulisaidia, kisha maisha yakachukua sehemu yake.

Sasa niwageukie wawindaji wenyewe, maana hatuna haja ya kwenda mbali. Wahadzabe wako ng'ambo ya Ziwa Eyasi, wengine upande wa Meatu, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Shinyanga mpaka Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Mwaka huohuo Herman Pontzer na wenzake walichapisha kipimo ambacho mtu yeyote anayehubiri paleo anapaswa kukijua.

Walifanya hivi: watu wazima 30 walipewa maji ya kunywa yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, viambata visivyo na madhara ambavyo maabara inaweza kuvihesabu. Haidrojeni hutoka mwilini ndani ya maji tu, kwa mkojo na jasho. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa chafu tunayoitoa puani. Kwa siku 11 walikusanya mikojo, wakaangalia kila kimoja kinapungua kwa kasi gani. Tofauti ya kasi hizo mbili inaonyesha hewa chafu iliyotoka, na hewa hiyo inaonyesha kalori zilizoungua. Hakuna aliyefungiwa chumbani. Watu waliendelea kuwinda na kuchimba mizizi yao.

Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Wanaume waliunguza kalori 2,649, wanawake 1,877. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, ni kiwango kilekile cha watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa kitini. Wembamba wao, basi, haukutokana na kuunguza zaidi. Kwa anayetaka kupungua, maana yake ni kwamba kutembea kunafaa sana moyo na sukari, lakini kitambi kinaamuliwa zaidi sahanini. Na Wahadzabe hawaogopi wanga: wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya mwituni, na asali nyingi.

Hapo ndipo wapaleo wetu hujikwaa. Michembe inaruhusiwa, maana ni viazi vitamu. Lakini ni viazi vilivyokaushwa juani: maji yametoka, sukari imebaki, na bakuli moja ni viazi vingi vilivyojibana. Asali nayo, kijiko kikubwa ni kama kalori 60. Mtu anaacha ugali, anatafuna michembe kutwa, kisha anashangaa mizani imesimama.

Anayetumia dawa za sukari au presha amwone daktari kabla hajaanza, maana dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno wiki ijayo. Na anayefanya kazi chini ya ardhi kwenye joto asifurahie maji yanayomtoka. Anywe, na asiikimbie chumvi.

Kupima kuna utaratibu wake. Alfajiri, baada ya kutoka chooni, kabla ya chai. Uzito huyumba kilo moja hata mbili kwa siku, kwa hiyo chukua wastani wa siku saba, ulinganishe wiki kwa wiki. Nunua na futi ya fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu. Kule Lund, Uswidi, mwaka 2007, wanaume 14 wenye ugonjwa wa moyo walikula kipaleo kwa wiki 12: walipungua kilo 5, na viuno vikashuka sentimeta 5.6. Mwenye kilo 90 akianza Januari na kuingia Aprili akiwa na 85, amefanya walichofanya wale, na suruali yake ya kazini itakuwa inadai mkanda.