Kabla ya Kushuka Kisimani

Kazi ya mwalimu wa uashi hupimwa kwa macho. Ukuta wa mwanafunzi ukikubaliana na timazi, pembe ikikaa mraba, lipu ikilala laini, tunasema kijana amefunzwa. Lakini nusu nyingine ya kazi ya mwalimu huyo haionekani popote: ni mtaro ambao haukumfukia mtu, ni ngazi ambayo haikuteleza. Nusu hiyo ndiyo ninayoihusudu, hasa ikifanyika katika nchi kama ya Griftu, makao makuu ya Wajir Magharibi, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Nasema hasa huko kwa sababu ya nyumba. Kwa vizazi vingi, mjenzi katika nchi ile kavu alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyepinda fito, akazifunga kwa kamba, akatandaza mikeka juu yake hadi aqal, nyumba ya Wasomali wanaohamahama, ikasimama. Na siku ya kuhama akaibomoa, akaipakia juu ya ngamia. (Kwa hiyo anayeshangaa kumwona msichana wa Kisomali darasani ameshika mwiko, ashangae historia yake mwenyewe.) Aqal ikiangushwa na upepo usiku, waliolala ndani hutoka, hucheka au hulaani, kisha huifunga upya. Ni nyumba isiyoua. Ukuta wa mawe haucheki na mtu, wala zege mbichi iliyoshikiliwa na nguzo mbovu. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, zahanati, madarasa na ofisi za mawe zimekuwa zikiinuka Kaskazini Mashariki. Kisha, mnamo Desemba 2014, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa Koromey, Mandera, na mafundi wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya wakafunga virago. Haja ya mafundi wa nyumbani ikawa dhahiri kuliko zamani. Kijana wa Griftu anayetaka uashi, akienda chuo cha ufundi cha kaunti au akisafiri hadi North Eastern National Polytechnic pale Garissa, anaingia darasani akiwa hajarithi woga wa ukuta. Woga huo, kwa kiasi chake cha kufaa, ni lazima afundishwe.

Kwenye karatasi mambo yako sawa. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na mitaala ya ufundi inayozingatia umahiri imeuweka usalama kazini kuwa somo la kila fani. Mwanafunzi anaweza kulipita somo hilo kwa kuorodhesha helmeti, glavu na gambuti. Mimi nampima mwalimu kwa jambo moja: helmeti anaitaja ya ngapi? Mwalimu mzuri huitaja mwisho. Kwanza anauliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, kama kazi ya juu inaweza kufanyiwa chini, kama jiwe linaweza kutolewa ukingoni badala ya kumvalisha kofia aliye chini yake. Wakaguzi wa usalama duniani kote hufuata mpangilio huo, ila ni wachache wanaoufundisha kwa vitendo, kwa sababu helmeti ni rahisi kununua na rahisi kupiga picha.

Chukua mtaro wa msingi. Udongo mkavu wa Wajir husimama wima baada ya kuchimbwa, ukakudanganya kwamba utasimama hivyo kesho. Mwalimu anamwambia mwanafunzi apime: ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja ya udongo una uzito wa tani moja na nusu hivi. Kwa mtoto wa mfugaji, tani ni neno tu. Basi anamwambia ni ngamia watatu wazima, wote wamekulalia kifuani. Hapo darasa linanyamaza. Halafu anamfanya kila mmoja azike mkono hadi kiwiko ndani ya ndoo ya mchanga wenye unyevu ulioshindiliwa, ajaribu kuuchomoa. Baada ya hapo hakuna haja ya hotuba. Kifusi kinarushwa mbali na ukingo, ngazi inashushwa mtaroni kabla ya mtu, na lori la mawe linaelekezwa kumwaga upande wa pili. Yote haya hufundishwa kuwa ndiyo namna ya kuchimba mtaro, si kama somo jingine la siku ya Alhamisi. Mwanafunzi aliyerundika kifusi ukingoni anarudishiwa kazi yake sawa na yule aliyepindisha ukuta. Hapo ndipo naona ustadi.

Lakini mwalimu wa nchi ile huonyesha ubingwa wake kamili kwenye kisima. Wajir ni nchi ya visima. Chini ya ardhi kuna mwamba wa chokaa, na mjini Wajir maji yako karibu sana hata vyoo vya shimo vikawa shida, watu wakatumia vya ndoo kwa miaka mingi. Kuchimba visima, kuvisafisha, kuvijengea kuta, kujenga birika za kuweka maji ya mvua: yote humwangukia mwashi. Na hapa kijana hafiki mikono mitupu. Adabu ya kisima ameijua tangu utotoni: nani ashuke, nani ashike kamba, nani akae mbali na ukingo, mifugo ya nani itangulie kunywa. Mwalimu mwerevu huanzia kwenye adabu hiyo na kuendelea mbele, bila kuivunja.

Mbele kuna mashine. Pampu ya petroli inayovuta maji kutoka juu haiwezi kuyafikia yakizidi kina cha mita 7 hivi. Hayo ni maumbile ya hewa, si ubovu wa pampu. Kwa hiyo kisima kikiwa kirefu zaidi, watu huishusha mashine yenyewe, wakaikalisha karibu na maji. Inanguruma, maji yanapanda, na moshi unabaki chini. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeshuka kurekebisha bomba anaishiwa nguvu za miguu kabla hajajua kuna nini.

Wazee wana kipimo chao cha hewa: shusha taa ya chemli, ikizimika usishuke. Ni kipimo cha kweli, kwa kuwa moto hufa oksijeni ikipungua sana. Ila kaboni monoksidi haiizimi taa. Itaendelea kuwaka vizuri na mtu amelala kando yake, amekufa. Mwalimu asiye na busara angesema kipimo cha wazee ni ushamba, na angelipoteza darasa lake hapo hapo. Mwenye busara anasema babu hakukosea. Babu hakuwa na injini. Taa ishuke kama zamani, na injini isishuke kamwe.

Halafu linakuja gumu kuliko yote, nalo ni ushujaa. Mmoja akianguka chini, binamu yake hataki kusikia habari za gesi, ataruka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya mahali pafinyu kama matangi na mashimo vilikuwa vya watu walioingia kuokoa. Kumwambia kijana aliyelelewa katika ukoo asimrukie ndugu yake ni kumtaka awe mtu mwingine. Mwalimu hamtaki awe mtu mwingine. Anauhamisha ushujaa wake kutoka miguuni kwenda mikononi. Katika shimo fupi la mazoezi mmoja analala chini kama aliyezimia, mwingine anapiga kelele za msiba, na wa tatu, mwenye kamba, anatakiwa asishuke. Avute. Na ili avute, kamba lazima iwe ilifungwa kifuani mwa yule wa chini kabla hajashuka, na mwisho wake kwenye nguzo imara, si kwenye gari ambalo dereva anaweza kuliondoa. Zoezi hurudiwa hadi mkono ushike kamba kabla mguu haujasogea. Ukitazama kwa makini utaona mwalimu hamwangalii aliye shimoni. Anaangalia miguu ya aliye juu.

Kuna mengine madogo ambayo nayapita haraka. Saruji mbichi huunguza ngozi, hivyo pale maji yanapouzwa kwa mtungi, mwalimu hutenga mtungi wa kunawia usioguswa kwa kiu. Joto likipita nyuzi 35, kazi nzito huanza alfajiri; na Ramadhani ratiba yote hupinduliwa, kwani kijana aliyefunga hapaswi kuwa juu ya jukwaa saa tisa alasiri.

La mwisho ni ulimi. Kifungu cha 14 cha sheria ile ya 2007 kinamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na kinamkataza mwajiri kumrudisha penye hatari kabla haijarekebishwa. Maneno mazuri, lakini msimamizi mara nyingi ni mzee wa kumwita adeer, yaani ami, na kijana hawezi kumkatalia mzee mbele za watu. Basi hufundishwa sentensi isiyokataa: "Adeer, nisubiri kidogo nifunge kamba kwanza." Heshima imebaki, kazi imesimama, na mzee amepewa nafasi ya kusema, "Funga." Sijui sheria iliyopata mkalimani bora kuliko huyo.

Kwa kontrakta anayechukua vijana wa Griftu: kijana akikuomba umsubiri afunge kamba, msubiri. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inaagiza jamaa wa mfanyakazi aliyekufa kazini walipwe mishahara ya miezi 96. Fundo la kamba halimalizi dakika mbili.