Sikio Kwenye Kabureta

Fundi aliyenifundisha kutunza gari langu hana kompyuta katika gereji yake. Ana kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja, kilichokwisha kuwa kigumu kwa umri. Injini ikiunguruma taratibu, ncha moja huiweka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, ya pili huiweka sikioni, kisha hufumba macho. Halafu huhamia kabureta ya nyuma. Akishasikiliza huku na kule mara tatu nne, hugusa skrubu kwa bisibisi, mguso ambao jicho haliwezi kuuona, na kusikiliza tena. Anachokitafuta ni upepo. Uvumao mbele uwe sawa na uvumao nyuma.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z la mwaka 1972: viti viwili, pua ndefu, mgongo ulioteremka hadi buti. Huu ni mwaka wa tisa nikiwa nalo. Wengi huniuliza linakimbia vipi. Wachache huniuliza linatunzwa vipi, na hilo ndilo swali ninalopenda kulijibu, kwa kuwa raha yake niliikuta gereji kabla sijaikuta barabarani.

Nissan ililitoa mwezi Oktoba 1969. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, lakini Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya kampuni hiyo Marekani, hakulitaka jina hilo. Akaliuza kwa namba na herufi tu, 240 kwa sababu ya injini yake ya lita 2.4. Huku kwetu Afrika Mashariki lilijitambulisha kwa matope. Katika Safari Rally ya Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na aliyewafuata alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa na 240Z. Mwaka 1973 Mehta na mwenzake Lofty Drews walimaliza wakiwa na pointi sawasawa na Harry Källström wa Datsun 180B, na ushindi ukawa wao. Gari la Herrmann la 1971 limehifadhiwa Zama, Japani. Na nilipokuwa Mombasa, nikisimama penye taa, mara kwa mara mzee wa makamo ya baba yangu alinisogelea dirishani, akapitisha kiganja juu ya boneti bila kuligusa, akasema: "Hili nililiona likipita." Hakusema zaidi, wala sikuhitaji aseme.

Gari lililoweza kuvuka nyika ile lilitengenezwa na watu waliojua kwamba litaharibikia mbali, na kwamba atakayelitengeneza atakuwa na spana na mikono yake tu. Fungua boneti: silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kamshafti moja juu yake, vali kumi na mbili, kabureta mbili ubavuni, kila moja ikilisha silinda tatu. Hakuna kilichofichwa. Kila kinachohitaji kurekebishwa kimeachiwa nafasi ya mkono kupita. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilihisi kwamba mhandisi aliyelichora alinifikiria mimi, mtu asiyemjua, wa bahari nyingine, atakayekuja miaka hamsini baada yake.

Somo langu la kwanza lilikuwa tapeti, yaani mianya ya vali. Nilifika gereji alfajiri, kwa sababu fundi alisema injini iwe imelala usiku kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeliwasha?"

"Nimelisukuma kutoka getini."

"Vizuri. Chuma chenye joto husema uongo."

Alifungua kifuniko cha juu, na hapo nikaiona kamshafti iking'aa kwa oili. Kati ya kila nundu yake, yaani kamu, na mkono unaoisukuma vali pana mwanya, na kazi yote ya asubuhi ile ilikuwa kuupima mwanya huo. Injini ikiwa baridi, vali za kuingiza huhitaji milimita 0.20 na za kutoa moshi milimita 0.25. Unazungusha injini kwa mkono mpaka kamu ielekee juu, unaingiza filageji, kibati chembamba cha kupimia mwanya, unalegeza nati kwa spana namba 17, unageuza kwa namba 14, unakaza. Halafu unapima tena, maana kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo. Mara kumi na mbili.

Namba zimeandikwa kitabuni. Mguso haukuandikwa popote. Nilimwuliza nitajuaje kwamba filageji imebanwa kwa kadiri. Akaweka karatasi chini ya daftari lake la hesabu, akaniambia niichomoe. "Hivyo," akasema. "Itoke, lakini ijue kwamba ilikuwa imeshikwa." Nilizirudia vali zangu zote tangu ya kwanza.

Alinieleza pia sababu, maana kwake mkono usiojua sababu ni mkono wa kibarua. Vali ya moshi hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake ndani ya kichwa cha injini. Ukiubana mwanya kupita kiasi, vali haikai sawasawa, haipati pa kutua moto wake, na mwisho huungua ukingoni. Ukiuachia sana, italia kwa kugongwa na haitafunguka kiasi chake. Kati ya makosa hayo mawili, la pili husikika na la kwanza hukaa kimya. Ndiyo maana mafundi wa zamani husema tapeti inayolia kidogo ni tapeti yenye afya.

Baba yake alikuwa kalafati, mwenye kuziba majahazi kwa pamba na mafuta katika bandari ya kale. Alinisimulia kwamba mzee huyo alikuwa akitembea kando ya chombo kilichopwelewa akigonga mbao kwa nyundo ya mti, na kwa mlio tu akajua ubao gani mzima na upi umeshaanza kuoza. Mwana hakurithi majahazi, alirithi sikio. Tangu aniambie hivyo, sijamwona tena kama mtu anayetengeneza magari ya zamani. Namwona kama mtu anayeendeleza kazi ya nyumbani kwao kwa chombo kingine.

Baada ya tapeti huja kabureta, na hapo ndipo ufundi wake hunifanya nisimame kimya. Kabureta hizi zina pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa inayovutwa na injini. Chini ya pistoni pana sindano nyembamba inayokaa ndani ya nozeli ya petroli. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni hupanda. Sindano, iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, hupanda nayo na kuacha petroli nyingi zaidi ipite. Hewa yenyewe ndiyo inayoamua kipimo cha mafuta. Juu ya pistoni humwagwa oili kidogo ili isipande kwa pupa mtu akikanyaga mafuta ghafla. Sijawahi kuona kitu chepesi hivyo chenye akili nyingi hivyo.

Mambo mawili hurekebishwa: upepo na mchanganyiko. Upepo ndio ule wa mpira na sikio, kwa kuwa kabureta moja ikivuta kuliko mwenzake, silinda tatu hubeba mzigo wa sita na injini hutikisika kama mtu anayechechemea. Mchanganyiko hupimwa kwa kuinua pistoni kwa ncha ya bisibisi nyembamba, milimita moja tu. Injini ikiongeza mwendo na kubaki huko, petroli ni nyingi. Ikizimika, petroli ni haba. Ikipanda kidogo kisha ikatulia palepale ilipokuwa, umefika. Mwenye kuthibitisha yote hayo ni plagi: baada ya mwendo wa kutosha, ukiitoa, kauri yake iwe na rangi ya chai ya maziwa. Nyeusi yenye masizi ni shibe ya kupita kiasi. Nyeupe ni njaa.

Nimemwona akifanya hivi kwa saa mbili juu ya gari ambalo mwenyewe, mimi, niliona halina tatizo. Hakuwa akiondoa ubovu. Alikuwa akitafuta pale mahali injini inapoacha kujitahidi. Na alipopapata, hata mimi nilisikia: mngurumo ulishuka, ukawa mzito na laini, na maji yaliyokuwa ndani ya kikombe juu ya meza yakaacha kutetemeka.

Kazi nyingine haina sauti, na ni ya mwenye gari. Bati la 240Z ni jembamba, na adui yake, kutu, pwani huja na upepo wa bahari kila jioni. Najua inapoanzia: chini ya sahani ya betri, kingo za chini ya milango, sakafu chini ya miguu, shimo la tairi la akiba. Watengenezaji waliacha matundu ya kutolea maji. Majani na vumbi vikiyaziba, maji hukaa na bati huliwa kutoka ndani, huku rangi ya nje bado inang'aa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi hulala chini ya gari na waya mwembamba, nikayazibua matundu moja baada ya jingine, nikaosha tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikalikausha, nikapaka grisi. Ni saa moja ya kazi ambayo hakuna atakayeiona. Baba wa fundi wangu aliyapaka majahazi shahamu chini, palipozama majini, kwa sababu hiyo hiyo.

Vipuri navyo vina subira yake. Magari ya kizazi hicho cha kwanza cha Z, pamoja na 260Z na 280Z yaliyofuata hadi 1978, yaliuzwa zaidi ya 500,000, mengi yao Marekani, kwa hiyo gasketi, bushi na sili za milango bado zinatengenezwa. Huagiza, husubiri majuma, na wakati wa kusubiri fundi hunipa kazi: safisha uliyoitoa, iangalie, uniambie iliisha upande gani na kwa nini. Bushi iliyoliwa upande mmoja ina habari za kitu kingine kilichopinda. Nimejifunza kusoma uchakavu kama barua.

Kisha kazi yangu ikanihamishia Nairobi. Siku ya kuaga, fundi alikata kipande kipya kutoka mpira wake wa kumwagilia maua, urefu wa mkono mmoja, akanipa. "Huku umelizoesha hewa nzito," akasema. "Kule juu hewa ni nyepesi. Petroli itakuwa ile ile, hewa itapungua, litashiba kupita kiasi. Voi usiguse kitu. Emali, simama usikilize."

Niliondoka kabla ya jua. Barabara ya Mombasa hupanda polepole hivi kwamba macho hayajui, lakini injini inajua. Mpaka Mtito Andei lilikwenda kama lilivyotoka mikononi mwake: gia ya nne, sauti ile nzito ikinijia kupitia usukani, mbuyu baada ya mbuyu. Hiyo ndiyo raha ya kuliendesha, na haina uhusiano na kasi. Kila ninachokisikia nakijua kinatoka wapi, kwa sababu mikono yangu imepita hapo. Baada ya Kibwezi nilianza kuhisi uzito nikikanyaga mafuta, na harufu ya petroli iliyobaki.

Emali, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, nilisimama chini ya mti na kufungua boneti. Niliinua pistoni ya mbele milimita moja: injini ikaongeza mwendo na kubaki huko. Nozeli nikaipandisha robo mzunguko, na ya nyuma vivyo hivyo. Nikajaribu tena, nikaongeza kidogo. Mara ya tatu ilipanda ikatulia. Halafu nikachukua mpira, nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya. Malori yalikuwa yakipita nyuma yangu. Ilichukua muda mpaka nikasikia: nyuma palivuma zaidi ya mbele, tofauti ndogo ambayo miaka tisa iliyopita nisingeijua. Nikagusa skrubu. Nikasikiliza huku na kule mara tatu nne.

Nairobi, ambako hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani, niliyarudia yote asubuhi ya pili, injini ikiwa imelala usiku kucha kwa ajili ya tapeti kwanza. Baada ya juma moja nikatoa plagi zote sita, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe na kumpigia simu fundi kumwelezea rangi. Tano zilikuwa chai ya maziwa. Ya sita ilikuwa imekolea kidogo.

"Ya silinda gani?"

"Ya sita, mzee. Ya mwisho nyuma."

"Basi rudi usikilize," akasema. "Ipo hapo."

Nilirudi. Mpira wangu bado ni laini, unajikunja ukiusogeza karibu na feni. Wake ulikwisha kuwa mgumu zamani, na sasa najua ni kwa saa ngapi.